Banda la Soweto linaloonesha tenisi: nimemuangalia Tsonga mwanzo mwisho, haya ndo maoni yangu

Wana Mbeya mnaopenda michezo lakini mmechoka kila banda ukiingia ni mpira wa miguu tu, kuna banda moja maeneo ya Soweto linaonesha tenisi, na sio ile tenisi ya kuwekewa dakika kumi wakati watu wanasubiri Arsenal waingie uwanjani, hapana, ni mechi nzima toka sevu ya kwanza, ule mpira wa kuanzisha pointi, mpaka wachezaji wanapeana mikono pale kwenye neti. Bango halina, kwahiyo usihangaike kutafuta jina, mwambie bodaboda akupeleke banda la tenisi, wengi wanalijua. Kiingilio jero kwa mechi za zamani, mechi za laivu za robo fainali kwenda juu ni buku, na hiyo buku ni ya mechi nzima hata ikichukua masaa matano, hamna mtu wa kuja kukugusa bega eti muda umeisha ongeza hela.

Mwenye banda wote tunamwita Anko, wazee kwa watoto. Ni mtu mzima, mpole, na tenisi anaijua kwelikweli, sio wa kusoma matokeo kwenye simu.

Banda lenyewe ni la mbao na bati kama mabanda yote, mabenchi ya mbao yamepangwa kwa kupanda kidogo hivyo wa nyuma hazibwi na wa mbele, skrini ni TV inchi 65 na imefungwa juu vizuri, umeme ukikatika jenereta iko nyuma ya ukuta na kijana wa Anko anaiwasha fasta, kelele yake inasikika ila haiui sauti ya mechi. Kitu kilichonifanya nilipende lile banda ni ubao. Pembeni ya TV kuna ubao mweusi kama wa shuleni, mechi ikianza Anko anachora mistari anaandika majina mawili na seti tano (seti anaichukua wa kwanza kufikisha gemu sita akimzidi mwenzie kwa mbili, na kwa wanaume mwenye seti tatu ndo kashinda mechi), halafu kila gemu ikiisha anaandika kwa chaki, na kama mchezaji kavunja sevu ya mwenzie, yaani kashinda gemu ambalo mwenzie ndo anasevu, anaweka duara jekundu. Yaani mtu ambaye hajawahi kuona tenisi maishani akikaa nusu saa anaelewa nani anaongoza na kwanini watu wamenyanyuka. Zile hesabu za kumi na tano, thelathini, arobaini zinachanganya wengi mwanzoni, Anko anazisema kwa sauti kwa Kiswahili kila pointi mpaka zinakukaa kichwani. Mechi ikiwa moto anakaa kimya, anaandika tu.

Sasa utaratibu wake. Mechi za laivu zinategemea msimu, na kwetu masaa yanaangukia vizuri kuliko watu wanavyodhani. Roland Garros pale Paris inaanza mwisho wa mwezi wa tano, wao wakianza saa tano asubuhi sisi ni saa sita mchana, mechi ya usiku kwetu inaanza saa tatu na kitu usiku. Wimbledon ya London ni mwezi wa saba hasa, uwanja mkubwa wanaanza saa tisa na nusu alasiri ya kwetu. Australia ndo tabu, mechi za mchana wa kule kwetu ni usiku wa manane, ila zile za usiku wa Melbourne kwetu ni saa tano asubuhi, Anko anafungua. Na mjue kabisa miezi ya sita na ya saba Mbeya ni baridi la kweli, banda la mbao upepo unapita, kwahiyo vaa koti zito, beba na khanga au blanketi la kujifunika miguu, wala hutachekwa maana nusu ya banda wamejifunika. Mlangoni kuna mama anauza chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, na viazi vya Uyole vya kuchemsha na kachumbari yenye pilipili, ana jiko la mkaa ambalo watu mapumziko ya seti wanaenda kuota moto. Chai yake kali, tangawizi anatwanga mwenyewe pale pale.

Siku ambazo hamna mashindano, mchana wa katikati ya wiki, Anko anaweka mechi za zamani, zile nzima nzima ambazo mashindano yenyewe yanaziweka kwenye chaneli zao rasmi za YouTube. Na haweki ovyo ovyo. Anachagua mchezaji mmoja anaenda nae toka anaanza mpaka anastaafu, mechi baada ya mechi, za kushinda na za kufungwa. Hii ndo huduma ninayotaka kuisifia hasa, maana sijaiona popote, sio Mbeya tu hata nilipokuwa Dar. Wiki hizi zilizopita ilikuwa zamu ya Jo-Wilfried Tsonga, Mfaransa, na nimekaa mpaka mwisho, kwahiyo nitaeleza nilichokiona ili muelewe mnalipia nini.

Siku ya kwanza kabisa kulikuwa na mzee mmoja amekaa benchi la mbele, akauliza, "Mwanangu, huyu kijana wa wapi? Mbona kama wa kwetu." Anko akamjibu, "Mfaransa mzee wangu, kazaliwa mji wa Le Mans mwaka 1985, mama Mfaransa, baba yake ametoka Kongo, ile ya Brazzaville." Mzee akasema basi nakaa. Na alikaa kweli, alikuja siku zote. Baba yake Tsonga, Didier, alikuwa mcheza handiboli na mwalimu wa kemia, mama nae mwalimu, kwahiyo ni mtoto wa walimu. Mwenyewe ni pande la mtu, mita 1.88, sura alikuwa anafananishwa na Muhammad Ali mpaka wakampa jina hilo la Ali, na ukimuona anavyotembea kwenda kusevu unaelewa kwanini. Ujanani alichukua US Open ya vijana mwaka 2003, watu wakajua huyu ndo anayekuja, halafu mwili ukamgomea, pingili za mgongo zikatoka, bega, misuli ya tumbo, miezi mingi ya 2004 na 2005 ikapotea. Mwanzoni mwa 2007 alikuwa nje ya mia mbili bora duniani. Anko hakuwa na mechi za kipindi hicho, alichofanya ni kuandika hiyo historia ubaoni kabla ya kuwasha, na nilipenda, maana bila hapo huwezi kuelewa 2008.

Australian Open 2008. Namba 38 duniani, hakupangiwa namba yoyote kwenye ratiba, zile wanazopewa wachezaji bora, raundi ya kwanza kabisa wanampa Andy Murray ambaye ni wa 9. Kamchapa. Akaja kumtoa Gasquet, Mfaransa mwenzie tena wa 8, akamtoa Youzhny, akafika nusu fainali na Rafael Nadal namba mbili wa dunia. Hii ndo mechi ambayo banda lilijaa mpaka watu wakasimama. 6-2, 6-3, 6-2. Ukisoma namba hizo hivi hivi unaweza kuona ni mechi ya upande mmoja tu, lakini kuiangalia ni kitu kingine aisee, Nadal yule ambaye anarudisha kila mpira, anarudisha mpaka mipira ambayo tayari ushaanza kushangilia, siku ile anaangalia tu. Tsonga anasevu, anaufuata mpira mpaka kwenye neti, anagusa kidogo kwa mkono laini kabisa unaanguka upande wa pili pale karibu na neti umekufa. Pande la mtu lile, mkono laini namna ile! Kuna voli moja, mpira wa kupigwa kabla haujadunda, ameicheza akiwa amejinyoosha kama anaanguka, banda zima likasema "yeleuwi" kwa pamoja, na hapo mnaangalia kitu kilichotokea tarehe 24 Januari 2008, matokeo yote mnayajua.

Fainali akakutana na Novak Djokovic, akachukua seti ya kwanza 6-4, na ndo seti pekee Djokovic aliyopoteza mashindano yale yote, kisha akafungwa seti tatu zilizofuata, ya mwisho kwenye taibreki, lile gemu maalum la kuamua seti ikifika 6-6. Djokovic ndo likawa kombe lake la kwanza kubwa. Tsonga hakuja kufika tena fainali ya mashindano makubwa manne, yale yanayoitwa Grand Slam (Australia, Roland Garros, Wimbledon na US Open), sio mwaka ule wala mwingine wowote.

Na hapa ndo mabishano yalipoanza bandani, maana kuna kijana akasema sasa huyu tunamuangalia wa nini kama hana hata Grand Slam moja, si bora tuweke Federer. Mimi hili jambo linaniuma kidogo na nitalisema wazi. Sisi tumezoea kuhesabu makombe, ukitaja mchezaji mtu anakuuliza kachukua mangapi, basi, mazungumzo yameisha. Lakini zama zile za kina Federer, Nadal, Djokovic na Murray mtu mwingine kupita ilikuwa kazi ngumu mno, na Tsonga kwenye mashindano makubwa aliwafunga wote wanne. Murray na Nadal mwaka ule wa 2008, Djokovic Australia 2010 kwenye seti tano, Federer Wimbledon 2011 na tena Paris 2013. Nenda katafute wangapi wamewafunga wote wanne kwenye hizo Slam. Ukimruka mtu kama huyo kwa sababu hana kombe utakuwa unajua majina ya washindi ila tenisi yenyewe ya miaka ile hujaiona.

Nirudi kwenye mfululizo. Mwaka huo huo wa 2008 goti likachanwa, upasuaji, akakosa Roland Garros ya nyumbani kwao na Wimbledon, halafu akarudi, na mwezi wa tisa akachukua Bangkok, taji lake la kwanza la ATP, yaani mashindano ya wanaume wa kulipwa, fainali kamfunga Djokovic yule yule, na mwezi wa kumi na moja akachukua Masters ya Paris, mashindano yaliyo chini kidogo ya Grand Slam, mbele ya watu wake akimfunga Nalbandian. Haya Anko aliyapitisha kwa vipande vifupi, sawa tu.

Wimbledon 2011 ndo aliweka nzima, robo fainali na Roger Federer, na kama mtaniomba nitaje mechi moja tu ya kwenda kulipia jero pale bandani ni hii. Federer bingwa mara sita wa pale. Anachukua seti ya kwanza 6-3, ya pili anachukua kwenye taibreki. Anko akasimama ubaoni akaandika pembeni, 178 kwa 0. Akatuambia mpaka siku ile, kwenye mashindano makubwa, Federer akishaongoza seti mbili kwa bila ameshinda mara 178 na hajafungwa hata mara moja. Halafu akakaa.

Kinachofuata ni vigumu kukieleza kwa maandishi. Tsonga hakubadilisha kitu kikubwa, hakuanza kukimbia ovyo wala kupiga kwa hasira, anasevu tu. Kila gemu lake la kusevu anashinda, anashinda, anashinda, na kwenye kila seti anasubiri nafasi moja ya kumvunja Federer, anaipata, anarudi kusevu. Seti ya tatu 6-4. Ya nne 6-4. Ubaoni kila moja ya seti hizo ina duara jekundu moja tu, na upande wa Federer hamna kitu. Ndo ukiangalia ubao ule unaelewa mechi ilivyokwenda kuliko hata ukiangalia TV. Seti ya tano kamvunja mapema kabisa, kwahiyo yote iliyobaki ilikuwa ni je atashikilia, na yule mzee wa mbele kila Tsonga akirusha mpira juu kusevu anashika magoti yake kwa mikono miwili. 6-4. Mechi imeisha, Tsonga anaruka ruka anazunguka na vidole gumba anajionesha mgongoni ile staili yake, na mzee kainuka nae kaonesha vidole gumba. Wakati huo Tsonga alikuwa anacheza bila kocha, ameachana na kocha wake wa siku nyingi miezi michache nyuma, ni yeye na kichwa chake tu pale Centre Court.

Nusu fainali Djokovic akamtoa. Februari 2012 akapanda mpaka namba 5 ya dunia, ndo juu kabisa aliyofika.

Halafu ikaja siku ya Roland Garros 2012. Hii watu wengine walimuomba Anko airuke. Robo fainali, Paris, uwanja wa nyumbani, mpinzani Djokovic akiwa namba moja wa dunia na ndo anatafuta kombe la nne kubwa mfululizo. Djokovic anachukua ya kwanza 6-1 kirahisi, Tsonga anachukua mbili zinazofuata 7-5, 7-5, uwanja mzima Wafaransa wamesimama, na seti ya nne Tsonga anapata mechi pointi nne. Nne! Pointi moja tu kati ya hizo nne yupo nusu fainali kwao. Djokovic anaziokoa zote, moja moja. Taibreki Djokovic 8-6. Seti ya tano 6-1 na haikuwa mechi tena.

Anko hakuiruka na nampongeza. Alisema neno moja tu, kwamba ukimpenda mtu siku ya Wimbledon lazima ukae nae na siku hii. Banda lilikuwa kimya, yule mama wa chai aliingia akasimama mlangoni na kibirika mkononi akaangalia taibreki yote, na mimi nakiri machozi yalinitoka kwa mechi ya zaidi ya miaka kumi iliyopita ya mtu ambaye hanijui. Mabanda mengine hapa mjini mchezaji wao akifungwa wanazima wanaweka muziki.

Miaka iliyofuata alipitisha haraka zaidi, nami nitapitisha haraka. Olimpiki ya London 2012 kamfunga Milos Raonic seti ya tatu 25-23, ndio ishirini na tano kwa ishirini na tatu, siku hizo seti ya mwisho ya Olimpiki haikuwa na taibreki, mechi ya seti tatu ikaenda karibu masaa manne, na kwenye mashindano hayo hayo akachukua medali ya fedha ya wawili wawili pamoja na Michaël Llodra. Paris 2013 akamsambaratisha Federer seti tatu bila, akaja kutolewa na Ferrer nusu fainali. Paris 2015 baada ya kumtoa Nishikori akaandika kwenye udongo mwekundu wa uwanja kwa Kifaransa kwamba anaipenda Roland Garros, kisha nusu fainali Wawrinka akamzuia. Katikati hapo Toronto 2014, wiki moja tu, kawafunga Djokovic, Murray, Dimitrov na fainali Federer, wote wanne kumi bora. Hii Toronto Anko angeipa siku yake peke yake, nilimwambia, alituwekea fainali tu na kwa maoni yangu ile mechi ya Djokovic ya 6-2, 6-2 ndo ilitakiwa tuione nzima.

Kombe la Davis 2017, lile la timu za nchi, tuliliona, Ufaransa na Ubelgiji pale Lille, Tsonga kashinda mechi yake na Darcis, kafungwa na Goffin, na Pouille akamalizia, Ufaransa bingwa kwa mara ya 10. Kocha wa timu alikuwa Yannick Noah, na hapo Anko akasimamisha akatuelezea Noah ni nani, maana vijana hawamjui. Baba yake Mkameruni mcheza mpira, Noah mwenyewe kakulia Yaoundé, Arthur Ashe, bingwa wa tenisi wa Marekani, alipita pale mwaka 1971 akamuona mtoto wa miaka 11 anavyopiga mpira akawaambia Wafaransa, na yule mtoto mwaka 1983 akachukua Roland Garros akimfunga Wilander. Toka siku hiyo mpaka naandika hapa hakuna mwanaume mwingine wa Kifaransa aliyechukua Slam ya mmoja mmoja. Wanawake wao wamechukua, Pierce, Mauresmo, Bartoli, wanaume hakuna. Kwahiyo kila Tsonga alipoingia uwanjani Paris alikuwa amebebeshwa na ile 1983 mgongoni, na ukiangalia zile mechi pointi nne ukijua hilo unaziona tofauti kabisa.

Magoti yakaendelea kumsumbua, 2018 upasuaji tena, akaporomoka tena nje ya mia mbili, 2019 akarudi akachukua Montpellier na Metz na kufikisha mataji 18. Na mwisho Roland Garros 2022, raundi ya kwanza, yeye mwenyewe alishatangaza kwamba ndo mashindano yake ya mwisho. Anacheza na Casper Ruud wa 8, ambaye mwaka ule alikuja kufika fainali. Seti ya kwanza Tsonga kachukua kwenye taibreki! Miaka 37, magoti mabovu, na voli zile zile za 2008. Kafungwa ya pili kwa taibreki, ya tatu 6-2, ya nne anaongoza 6-5 anajiandaa kusevu kuimaliza wapelekane seti ya tano na hapo hapo bega linaumia. Mkono haunyanyuki. Angeweza kuaga pale pale na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alibaki uwanjani, anasevu polepole na huku analia, taibreki kafungwa 7-0, pointi ya mwisho kapiga, kisha kapiga magoti akaweka uso wake kwenye ule udongo. Familia yake ikaingia uwanjani, na kina Monfils, Gasquet na Simon, rika lake lote lile ambalo lilipigana na wale wanne miaka yote.

Anko aliiacha sherehe yote ikaisha ndo akazima.

Sasa mapungufu, maana yapo. Siku Yanga au Simba wanacheza, au Mbeya City na Prisons wako Sokoine na mechi inarushwa, tenisi inasogezwa, na tatizo la tenisi ni kwamba haina dakika tisini, huwezi kujua itaisha saa ngapi. Nimeshakatiwa mechi seti ya nne ya laivu kwa sababu watu wa mpira wamefika wanagonga mlango, na kwa buku niliyolipa haikunipendeza hata kidogo. Namuelewa Anko, hela ya kodi inatoka kwa watu wa mpira, lakini naomba anunue TV ya pili hata ndogo aweke kile chumba cha nyuma, wa tenisi tutachangia. Pili, mabenchi hayana egemeo, mechi ya masaa manne mgongo unauma, kwa wazee hasa aweke hata viti vitano vya plastiki vya mbele. Choo ni cha nje na usiku njia haina taa.

Kwa wanawake wenzangu, najua wengi hamuingii mabandani na sababu nazijua. Pale hamna pombe, sigara ni nje, na Anko hataki matusi, nimeona akimtoa mtu kwa mdomo mchafu na hela yake akamrudishia. Mimi huwa nakaa benchi la tatu na dada zangu, hatujawahi kusumbuliwa. Watoto wanaingia bure mechi za mchana, na wapo wanaokuja toka shule na sare zao, nimewakuta baadae wanagonga mpira wa tenisi kwenye ukuta na raketi za mtumba zilizokatika nyuzi. Huku kwetu mpira unaruka sana ukilinganisha na pwani, hewa nyepesi, shirikisho la tenisi la dunia lenyewe lina mipira maalum ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219 na sisi tuko mbali juu ya hapo, kwahiyo wale watoto wakipiga kwa nguvu mpira unavuka ukuta unaenda kwa jirani. Kama kuna mtu ana raketi nzima hatumii apeleke pale, Anko anazipokea.

Nikipewa nyota tano nampa nne, hiyo moja ni ya siku nilizokatiwa mechi. Anayefuata kwenye zamu ni Amélie Mauresmo, ataanza na Australia 2006, mechi za zamani ni kuanzia saa nane mchana. Kwa za laivu fika mapema kidogo, mabenchi ya mbele yanajaa na yale ya nyuma karibu na mlango upepo wake sio wa mchezo. Anko, ndaga fijo, yaani asante sana.